Kupima mahitaji na upatikanaji wa maji bonde kwa bonde: mwongozo kamili, kwa mifano ya Usangu na Ruaha Mkuu

Ukiambiwa mkoa fulani una maji ya kutosha, uliza maswali mawili: mwezi gani, na sehemu gani ya mto? Tangu mwishoni mwa 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi. Ukichukua maji yote yanayopita pale kwa mwaka ukayagawa kwa siku 365, unapata mto mzuri tu. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini moja haina msaada kwa mtu anayepaswa kuamua nani afunge banio (mlango wa kuchepusha maji ya mto) mwezi wa Oktoba.

Mwongozo huu ni kwa afisa wa wilaya, kiongozi wa jumuiya ya watumia maji, mwanafunzi wa uhandisi, au yeyote aliyepewa kazi ya kuandaa mizania ya maji (hesabu ya yaliyopo na yanayohitajika) ya kidakio, yaani eneo ambalo maji yake hutiririkia mto mmoja, na hajui aanzie wapi. Mifano mingi nimeichukua Usangu, tambarare ya Ruaha Mkuu iliyo juu ya hifadhi, kwa sababu ni mahali ambapo karibu kila kosa la kazi hii limewahi kufanyika, na karibu kila funzo limepatikana.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa maji, achana na mpaka wa mkoa

Tanzania Bara ina mabonde 9: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Kila moja lina bodi yake ya maji. Ofisi ya Rufiji iko Iringa, ya Pangani iko Moshi, ya Wami/Ruvu iko Morogoro. Ukianza kazi bila kupita kwenye ofisi hizo utarudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Bonde zima ni kubwa mno kwa hesabu yenye maana. Rufiji ina takriban kilomita za mraba 177,000. Kidakio cha Ruaha Mkuu peke yake kinachukua karibu nusu ya eneo hilo lakini kinachangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Kilombero, yenye chini ya robo ya eneo, inachangia zaidi ya asilimia 60. Anayesema Rufiji ina maji tele anazungumzia Kilombero bila kujua. Kwa hiyo shuka ngazi moja au mbili chini na uchague kidakio ambacho maji yake yote yanapita sehemu moja inayopimika. Kwa Usangu sehemu hiyo ni Ng'iriama, kizingiti cha mwamba ambapo maji ya ardhioevu ya Ihefu hutokea kuelekea hifadhini.

Kuna usumbufu mmoja ambao hauepukiki. Takwimu za maji ziko kwa mabonde, takwimu za watu na mashamba ziko kwa wilaya na kata. Usangu inapokea mito kutoka milima ya mikoa ya Mbeya, Njombe na Iringa, kwa hiyo usichukue idadi ya watu ya wilaya ya Mbarali ukaiita idadi ya watu wa Usangu. Chukua orodha ya kata za Sensa ya 2022, ziweke juu ya ramani ya kidakio (programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inatosha), kisha ugawe kata zilizokatwa na mpaka kwa kuangalia vijiji viko upande gani. Kugawa kwa ukubwa wa eneo tupu kutakudanganya, maana watu hawakusambaa sawasawa. Wamejipanga barabarani na kwenye mifereji.

Hatua ya 2: Kubaliana na vizio kabla ya namba

Mtu wa mvua anasema milimita, mtu wa mto anasema mita za ujazo kwa sekunde, mkulima anasema lita kwa sekunde, mtu wa bomba anasema lita milioni kwa siku. Wakikutana mezani wanabishana bila kujua kwamba wanakubaliana. Andika hizi ukutani:

Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita ya mraba 1 ni mita za ujazo 1,000. Milimita 1 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Mita ya ujazo 1 kwa sekunde ni mita za ujazo 86,400 kwa siku, au takriban milioni 31.5 kwa mwaka.

Jaribu kwa Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumla ni mita za ujazo 466,000 kwa siku, yaani kama mita 5.4 za ujazo kwa sekunde. Sasa unaweza kulinganisha kiu ya jiji na geji ya mto (kituo cha kupimia maji yake) moja kwa moja, na unaelewa kwa nini mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022 ulikuja: mto ukishuka hadi kukaribia kiasi hicho, mitambo mizima haina cha kusukuma.

Hatua ya 3: Pima kilichopo

Anza na mvua. Rekodi ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwenye mashamba makubwa, na kwenye misheni za zamani. Angalia vituo viko wapi. Mara nyingi viko tambarare, karibu na ofisi, wakati maji yanatoka mlimani. Tambarare ya Usangu hupata kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Milima inayoizunguka inaweza kupata mara mbili ya hapo. Ukichukua wastani wa vituo vyote bila kujali mwinuko, unapunguza maji ambayo yapo. Gawa kidakio kwa mwinuko, kila tabaka lipe kituo chake. Pasipo na kituo tumia makisio ya satelaiti kama CHIRPS, yenye data tangu 1981, lakini yalinganishe kwanza na kituo unachokiamini.

Kisha mto. Omba bodi ya bonde data za kila siku za vituo vya kupima wingi wa maji. Msembe, ndani ya hifadhi ya Ruaha, ina kumbukumbu tangu miaka ya 1960. Ukizipata, usikimbilie kuchora grafu. Kaa nazo. Tafuta mahali ambapo namba ileile imejirudia wiki tatu (msomaji wa geji hakwenda mtoni), mahali ambapo kina kiliruka ghafla bila mvua (bao la geji liliondolewa likarudishwa kwa urefu mwingine), na hasa tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Msembe, sifuri ya Novemba ni habari ya kweli: mto umesimama. Kwingine sifuri ina maana hakuna aliyesoma. Ukichanganya hizo mbili, umeua mto ulio hai au umefufua uliokufa.

Kumbuka pia kwamba geji inapima kina tu. Kina hugeuzwa kuwa mtiririko kwa jedwali linalotengenezwa kwa kupima mto mara nyingi, wakati wa maji mengi na machache. Mto wa mchanga hubadilisha sakafu yake kila mafuriko, na jedwali la miaka 15 iliyopita linaweza kuwa limeshakufa. Uliza lilipimwa upya lini.

Pasipo na kituo, pima mwenyewe. Chagua kipande cha mto kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa, chenye urefu wa mita 20. Funga kamba mbili kuvuka mto, moja juu na moja chini. Kwenye kila kamba chomeka fimbo yenye alama kila baada ya mita moja na uandike kina. Tuseme upana ni mita 8 na kina cha wastani mita 0.4: eneo la maji ni mita za mraba 3.2. Sasa dondosha ndimu au chungwa mita chache juu ya kamba ya kwanza, katikati ya mkondo, na uanze saa linapopita. Chungwa ni bora kuliko jani au kijiti kwa sababu linazama nusu na upepo haulisukumi. Rudia mara tano, ukitupa na pembeni pia. Wastani ukiwa sekunde 40, kasi ya maji ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 0.85. Jibu: 3.2 × 0.5 × 0.85, yaani takriban mita 1.4 za ujazo kwa sekunde. Kosa linaweza kufika asilimia 20 na zaidi, lakini kipimo cha namna hiyo kila wiki mbili kuanzia Agosti hadi Novemba ni bora kuliko modeli yoyote ya kompyuta isiyokuwa na kipimo hata kimoja.

Mwisho wa hatua hii fanya ukaguzi mmoja mdogo. Tuseme kidakio chako kina kilomita za mraba 500, mvua milimita 1,200, na mto una wastani wa mita 6 za ujazo kwa sekunde. Hizo ni mita za ujazo milioni 189 kwa mwaka. Ukizitandaza juu ya kidakio ni milimita 378, kama asilimia 32 ya mvua. Inaingia akilini kwa eneo la milima. Ungepata asilimia 80, kuna kitu kimeharibika: mpaka, geji au mvua.

Maji ya chini ya ardhi yanahitaji mtaalamu, sitayafanya yaonekane rahisi. Ila mfano wa Makutupora, visima vinavyoinywesha Dodoma, unafundisha jambo kubwa. Kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 zinaonyesha kwamba akiba ile haijazwi kidogokidogo kila mwaka. Inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, kisha inashuka kwa miaka. Wastani wa ujazaji kwa mwaka, kwa kisima cha aina hiyo, ni namba isiyotokea mwaka wowote.

Hatua ya 4: Pima kinachohitajika

Watu ndio wepesi. Kiwango cha sera ya 2002 kwa vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku. Mjini weka zaidi, kulingana na walio na bomba ndani. Ongeza upotevu. Watu 60,000 kwa lita 25 ni mita za ujazo 1,500 kwa siku, na kama theluthi moja hupotea njiani inabidi utoe mtoni 2,250, yaani lita 26 kwa sekunde. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Mifugo pia. Ng'ombe 40,000 wakinywa lita 30 kila mmoja ni lita 14 kwa sekunde. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Ihefu kwa hoja ya kuokoa mto. Kuna mambo mengine ya kujadili kuhusu malisho na kukanyagwa kwa ardhioevu, ila kwa upande wa kunywa tu, ng'ombe ni lawama iliyovuka hesabu. Ng'ombe huonekana kutoka barabarani. Maji ya mfereji hayaonekani.

Umwagiliaji ndio moyo wa kazi, na hapa tumia muda wako. Usianze na ukubwa wa skimu ulioandikwa kwenye ripoti; tembea, au tumia picha za satelaiti za Septemba na Oktoba uone nini ni kijani kweli. Mahitaji ya zao ni uvukizi wa rejea (maji ambayo hali ya hewa huvuta kwenye nyasi za kawaida) mara kigezo cha zao (namba inayolinganisha zao na nyasi hizo), na programu ya CROPWAT ya FAO inafanya hesabu hiyo bila malipo. Tambarare yenye joto kiangazi, weka milimita 6 kwa siku: mita za ujazo 60 kwa hekta. Mifereji ya udongo hufikisha shambani sehemu tu ya kilichotoka mtoni. Ukichukua asilimia 40, kila hekta inadai mita 150 kwenye banio, kama lita 1.7 kwa sekunde. Hekta 600 zinadai mita 1.04 za ujazo kwa sekunde. Linganisha na lita 26 za watu na 14 za ng'ombe.

Mpunga una hesabu yake: kulowesha ardhi kabla ya kuvuruga, maji yanayozama chini ya majaruba, na kalenda. Usangu wapo wanaowahi vitalu kwa sababu mchele wa mapema una bei. Hilo ni jambo la soko, lakini linavuta mahitaji hadi kwenye miezi ambayo mto hauna kitu, na hutaliona kwenye kalenda ya zao ya kitabuni. Waulize wakulima wanaanza kulowesha tarehe ngapi, si tarehe ngapi wanapaswa kuanza.

Tena angalia mifereji inayotiririka kiangazi bila shamba lolote. Mara nyingi inapeleka maji ya ndoo kijijini. Kijiji cha watu 5,000 kinahitaji kama lita 1.5 kwa sekunde, lakini ili zifike mwisho wa mfereji wa udongo wa kilomita kadhaa, banio linaweza kuwa limefunguliwa kwa lita 200. Kisima kirefu kimoja hapo kinarudisha mtoni maji mengi kuliko mikutano kumi ya uhamasishaji.

Umeme hauli maji, unayapanga kwa wakati. Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204) zinaishi kwa bwawa la Mtera, ambalo kina cha mwisho cha kuzalishia ni mita 690 juu ya usawa wa bahari na likijaa ni 698.5. Bwawa hilo hujazwa na masika, na hupokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Kwa hiyo mabanio ya Oktoba Usangu yanaumiza hifadhi na wanakijiji wa chini kuliko yanavyoumiza mitambo. Usichanganye kesi hizi mbili. Zimechanganywa tangu mgao wa umeme wa miaka ya 1990.

Mazingira yaingie kama mtumiaji, siyo kama mabaki. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza na mazingira pili, kabla ya kilimo na viwanda. Ukiwa na ardhioevu katikati, ongeza kinachovukizwa humo: ili kiasi kisichofika mita moja ya ujazo kwa sekunde kitoke Ng'iriama kiangazi, kiasi kikubwa zaidi mara kadhaa lazima kiingie Ihefu.

Hatua ya 5: Kaa chini ujaze jedwali, mwezi kwa mwezi

Mistari 12, safu za upatikanaji kushoto, za mahitaji kulia. Kwenye upatikanaji usiweke wastani. Weka mtiririko unaofikiwa au kupitwa miaka 8 kati ya 10 kwa mwezi husika. Kwa maji ya kunywa ya mji, 9 au zaidi.

Rudi kwenye kidakio chetu cha mfano. Kwa mwaka kina mita za ujazo milioni 189. Mahitaji yote, pamoja na hekta 2,000 za mpunga wa masika, tuseme ni milioni 63: theluthi. Gawa maji kwa watu 60,000, kila mmoja ana zaidi ya mita 3,100, juu kabisa ya mstari wa 1,700 unaotumika kimataifa kuonyesha shinikizo la maji. Ripoti ingeishia hapo kila mtu angepongezwa. Sasa soma mstari wa Oktoba, kwa mita za ujazo kwa sekunde: mto 1.40, watu na mifugo 0.04, umwagiliaji 1.04, mazingira 0.35. Jumla 1.43. Mto umekwisha, na hatujahesabu hata banio moja lisilo na kibali. Kumwonyesha mtu wa chini ya mto wastani wa mwaka ni kumwambia mwenye njaa ya Oktoba kwamba Aprili alishiba.

Hatua ya 6: Fuatilia maji yanayorudi

Katika ile mita 1.04, mazao yalikunywa 0.42. Iliyobaki, kama 0.62, ilizama, ilivukizwa kwenye matope, au ilirudi mtoni na kwenye mifereji ya jirani. Usangu mkulima wa mkiani mwa skimu huishi kwa maji ambayo mhandisi aliyaandika kuwa yamepotea.

Tuseme nusu ya 0.62 hurudi: mto unapata 0.31 chini ya skimu. Sasa mradi unasakafia mifereji, ufanisi unapanda hadi asilimia 60, na kibali kinabaki 1.04. Wakulima, kwa akili zao timamu, wanapanua hadi hekta 900. Mazao yanakunywa 0.62, kinachobaki ni 0.42, na nusu yake ni 0.21. Mto wa chini umepungukiwa lita 100 kwa sekunde kwa jina la kuokoa maji. Sisemi usisakafie, nasema kibali kipunguzwe siku hiyohiyo, la sivyo mradi umehamisha maji tu.

Hatua ya 7: Vibali, mabonde jirani, miaka ijayo

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 anayechepusha maji anahitaji kibali cha bodi ya bonde. Chukua orodha ya vibali, jumlisha, weka kando ya mto wa Oktoba. Usishangae vibali vikizidi mto. Vingi viliandikwa kwa maji ya masika. Pendekeza viwango viwili kwa kila kibali, cha masika na cha kiangazi, na kiangazi kiandikwe kama sehemu ya mto uliopo siku hiyo badala ya lita zisizobadilika.

Maji yanayovuka mabonde yahesabiwe mara moja tu. Bomba la Ziwa Victoria linafika Kahama, Shinyanga hadi Tabora. Nairobi iko bonde la Athi lakini bwawa lake kubwa la Ndakaini liko bonde la Tana. Bonde linalotoa liandike matumizi, linalopokea liandike upatikanaji, na majitaka yanayobaki upande wa pili yasisahaulike, kwani hayarudi yalikotoka.

Kwa miaka ijayo, ongezeko la watu la asilimia 3.2 kwa mwaka, lililoonekana kati ya Sensa ya 2012 na ya 2022, linazidisha idadi mara mbili ndani ya miaka kama 22. Fanya hali tatu: kama ilivyo, skimu zote zilizopangwa zikijengwa, na mwaka mkavu kama 2005/06 ukirudi juu ya mahitaji ya 2040. Programu kama WEAP inasaidia vidakio vikiwa vingi. Kwa kimoja, jedwali la kawaida linatosha, tena mwenyekiti wa jumuiya anaweza kulisoma.

Hatua ya 8: Peleka mtoni kabla ya kupeleka wizarani

Waite wa juu na wa chini mahali pamoja, mwishoni mwa Julai, kabla hawajagombana. Usifungue na ramani. Soma mstari wa Oktoba kwa sauti, banio kwa banio, na uache kila mmoja asahihishe namba yake. Watakuonyesha mifereji mitatu ambayo satelaiti haikuiona na chemchemi ambayo hakuna aliyeipima. Kando ya kila namba kwenye jedwali andika herufi: A kwa iliyopimwa, B kwa iliyokisiwa kutoka kwa jirani, C kwa iliyotolewa kichwani. Kwenye kidakio kipya C zitakuwa nyingi kwenye safu za umwagiliaji. Bajeti ya upimaji wa mwaka unaofuata iende huko kwanza, na geji ikaguliwe mara tu mafuriko ya Aprili yakishuka.